Kesho Haina Mwisho

Hapa Gahanna, kando ya Columbus, wanafunzi wa chuo huja kwangu mitihani ikikaribia: "Mwalimu, sina hamu ya kusoma." Nawajibu kama nilivyowajibu wa sekondari: hamu haitangulii, hufuata. Keti, simu iache chumba kingine, soma dakika 20. Ukishaanza, kuendelea si kazi.

Wazazi wa Maskati na Dubai, kuahirisha huku kuna bei. Kijana aliyekuja Marekani kwa viza ya F-1 kusomea shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na krediti 12 kwa muhula. Kazi zikirundikana, hukimbilia kuacha somo. Akishuka chini ya 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, si somo tu lililopotea. Hata haki yake ya kubaki nchini imo hatarini.

Basi msingoje matokeo ndiyo mumuulize. Mpigieni kila wiki: "Mwanangu, umesoma nini? Hebu nieleze." Ajuaye ataulizwa hufungua kitabu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la mzazi pia.