Tamaa Huzuiwa Mlangoni

Mwisho wa mwezi huo unabisha hodi. Wapo akina baba, na akina mama vilevile, ambao wamekwisha kuapa kwamba mara hii mshahara utafika nyumbani mzima. Karo italipwa, kodi italipwa, na yule mdogo atanunuliwa viatu. Jioni ikifika, mtu anasema anapitia baa kusalimia wenzake tu, dakika 10. Anaingia nyumbani saa saba za usiku, mfuko mwepesi na maneno mengi.

Je, mtu huyu hana haya? Haya anayo tele, na asubuhi atajuta kwelikweli. Kosa lake ni kwamba anaanza kupigana na tamaa akiwa amekwisha kuketi, chupa i mezani.

Wahindi wa kale walilichungua jambo hili kwa makini. Katika sura ya pili ya Bhagavad Gita, Krishna anamweleza Arjuna jinsi mtu anavyoporomoka ngazi baada ya ngazi. Kwanza anakiwaza kitu. Akizidi kukiwaza anakipenda, na mapenzi hayo yanageuka tamaa. Tamaa ikizuiwa huzaa hasira. Hasira humvuruga akasahau aliyoyajua, akili ikampotea, akaangamia. Ungedhani aliyeyasema hayo alikuwa ameketi kwenye kona ya baa akitazama!

Angalia mahali ngazi inapoanzia. Haianzi kwenye tamaa, inaanza kwenye wazo. Ndiyo maana wahenga wetu nao walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wanasaikolojia walifika papo hapo kwa njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwajaribu watoto wa chekechea. Mtoto aliachwa peke yake na kitu kitamu: akikila sasa atapata kimoja, akisubiri mtafiti arudi atapata viwili. Waliokodoa macho kwenye utamu walishindwa upesi. Walioweza kusubiri walifunika macho, wakageukia ukuta, wakaimba. Hawakuwa na nguvu za ajabu, ila walijua kutotazama.

Basi nawe usipite njia ya baa. Karo itume kwa simu kabla hujatoka kazini, halafu panda matatu ya moja kwa moja hadi nyumbani. Wenzako watakucheka; waache wacheke.

Arjuna mwenyewe alilalamika kwamba kuushika moyo ni kama kuushika upepo. Krishna hakumbishia. Alimjibu kwamba inawezekana, kwa mazoezi na kwa kujifunza kutong'ang'ania vitu. Mazoezi hayo unaweza kuyaona hapa Kenya: wako Wahindu ambao siku ya Ekadashi, mara mbili kila mwezi wa mwandamo, hufunga au huacha vyakula vya nafaka na kunde. Anayejinyima chapati kwa hiari ameuzoeza moyo kusikia neno "hapana".

Lakini msomaji, kuna jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha matokeo ya jaribio kama lile la Mischel, ila hawa walianza kwa kuwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja lilitimiziwa ahadi. Jingine liliambiwa samahani, havipo. Kisha ukaja utamu. Waliotimiziwa walisubiri kama dakika 12 kwa wastani. Waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3 tu.

Watoto hao hawakuwa walafi. Walikuwa wamepiga hesabu: mtu mzima huyu haaminiki, heri nile changu sasa.

Sasa mfikirie yule mdogo wa viatu. Aliahidiwa mwezi uliopita, na mwezi wa kabla ya huo. Mpe shilingi 20 umwambie aziweke hadi Jumamosi, uone kama hatakimbilia dukani kabla hujamaliza kusema. Nawe utamkaripia kwamba hajui kuvumilia.

Ikiwa viatu haviwezekani mwezi huu, mwambie leo, kabla hajaanza kuhesabu siku. Na ukimpa tarehe nyingine, iwe ni tarehe unayoiweza.