Waandaaji wa mashindano ya gemu, kagueni na padi

Mwamuzi hukagua viatu vya wachezaji kabla ya mechi. Mpira nao una vipimo vyake, gramu 410 hadi 450. Hakuna anayeshangaa. Lakini njoo kwenye mashindano ya gemu za soka yanayochezwa kwa kompyuta: kila mtu anakuja na padi yake, anachomeka, mechi inaanza. Mmoja akipigwa tano analalamikia padi, na mara nyingine hoja anayo.

Chukua DualSense, padi ya PS5 iliyotoka 2020. Kwenye PS5 yenyewe ina raha yake. Katika FIFA 21 ya PS5, mchezaji wako akichoka, R2 ya kukimbilia inakuwa ngumu kubonyeza. Toleo la kompyuta la gemu hiyohiyo lilifuata lile la PS4, kwa hiyo waliokesha kwenye mipangilio wakitafuta ladha hiyo walikuwa wanatafuta kitu ambacho hakikuwekwa. Kwenye kompyuta, ugumu wa R2 na ule mtetemo mtamu vinakuja pale tu gemu yenyewe imeandaliwa navyo. Hata hapo, mara nyingi inataka waya wa USB, siyo Bluetooth. Na siyo waya wowote! Ule wa kuchajia tu, usiopitisha data, utajaza chaji na kompyuta haitaiona padi kabisa.

Ugomvi mkubwa lakini uko kwingine. Gemu nyingi za Windows zimezoea padi za Xbox, hivyo padi ya Sony inahitaji mkalimani. Wapo wanaotumia Steam, wapo wanaotumia DS4Windows, programu inayoiambia kompyuta kwamba hiyo ni padi ya Xbox. Zote freshi. Balaa ni kuziwasha zote mbili kwa pamoja: gemu inaweza kuona padi mbili, ukabonyeza pasi mara moja ikasoma mara mbili. Mpira unamfikia winga, naye anautoa bila kutumwa. Nyumbani mtacheka. Kwenye nusu fainali yenye pesa za viingilio vya watu 32, hapo bana ni ngumi.

Sisi tunasema hivi: liandikwe kwenye kanuni kabla watu hawajalipa. Waya kwa wote, au Bluetooth kwa wote. Kila mashine iwe na mkalimani mmoja, mwingine azimwe. Mtetemo na ugumu wa R2 navyo vizimwe. Tunajua wapo watakaosema tunaua burudani, na kweli R2 inayokaza dakika ya 80 ni burudani, ila ukiwa kwako. Mwenye padi ya Xbox hana ukinzani huo, anachanja mbuga tu wakati mwenzake anapambana na kidole.

Kisha wapewe dakika chache za kupasha, kila mmoja ajaribu vitufe vyake vyote mbele ya msimamizi. Akiridhika, mechi ianze, na kilio cha padi kisisikilizwe tena isipokuwa imekufa kweli.

Waya za akiba anunue mwandaaji. Mtu ameshalipa kiingilio, asiambiwe tena aje na waya kutoka nyumbani.