Sakafu ya gereji: gawa bei kwa miaka utakayokaa

Sisi watu wa Bondeni tuna tabia moja. Kwenye makato ya kutuma hela nyumbani tunahesabu mpaka randi ya mwisho, na tuna haki, maana kwa miaka mingi Benki ya Dunia imekuwa ikiitaja Afrika Kusini kati ya nchi ghali zaidi za G20 kutumia pesa kwenda nje. Lakini Jumamosi tukienda kununua rangi ya sakafu ya gereji, hesabu zote tunaziacha mlangoni mwa duka. Tunauliza mawili tu: kopo bei gani, na ipi inadumu?

Tunayaandika haya kwa sababu yametukuta. Gereji yetu pale Kensington ilikuwa zege tupu linalotoa vumbi, na mle ndani ndimo tunamopanga maboksi ya mizigo ya kwenda nyumbani. Julai tukanunua rangi ya kopo moja, ile ya kupakia vibaraza. Tukafagia, tukapiga deki, tukapaka kwa wikendi moja. Ilipendeza kweli, tukatuma na picha kwenye grupu la familia. Mwezi huohuo tulikuwa tumemwambia mama bati zisubiri kidogo. Kufika Oktoba, rangi ikawa inaondoka na tairi, vipande kwa vipande. Mama aliiona sakafu yetu kwenye simu, bati zake hakuziona.

Kumbe kosa halikuwa la kopo peke yake. Tairi ikitoka barabarani ina joto. Joto linalainisha rangi nyepesi, tairi ikipoa inaishika, asubuhi ukiondoa gari inang'oka nayo. Na chini ya ile rangi kulikuwa na madoa ya oili ambayo deki haiyatoi. Tena tulipaka katikati ya baridi, wakati usiku wa Joburg unakaribia nyuzi sifuri.

Sasa tuje kwenye hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme rangi ya kawaida inakugharimu R2,000 na inakaa miaka 2. Hiyo ni R1,000 kwa mwaka, na kila ukirudia kuna gharama ya kukwangua ya zamani. Tuseme epoksi ya makopo mawili, pamoja na maandalizi, ni R8,000 na inakaa miaka 10. Hiyo ni R800 kwa mwaka. Hapo muuza duka atakwambia, "Umeona? Ghali ndiyo rahisi."

Ngoja kwanza. Wewe utakaa kwenye nyumba hiyo miaka 10? Kama umepanga, au kibali chako kina miaka 3, ile R8,000 inagawanywa kwa 3. Inakuwa karibu R2,670 kwa mwaka, na miaka 7 iliyobaki umemzawadia mwenye nyumba. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: usigawe bei kwa miaka ya rangi, gawa kwa miaka yako juu ya sakafu hiyo.

Kwa mpangaji, jibu letu ni kwamba usipake epoksi. Safisha zege vizuri, paka dawa ya kuziba vumbi ambayo zege linainywa, kisha weka mikeka ya mpira chini ya magurudumu na pale unapofanyia kazi. Siku ya kuhama unaikunja unaondoka nayo. Hata hiyo dawa, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Sheria ya nyumba za kupanga ya 1999 inataka ninyi wawili mkague nyumba pamoja mnapoingia na mnapotoka, na gharama ya kurekebisha uharibifu inaweza kukatwa kwenye dipoziti. Rangi iliyobanduka ni rahisi sana kuitwa uharibifu.

Aliyenunua nyumba, au mwenye uhakika wa kukaa miaka 6, 7 na kuendelea, huyo tunamwambia aende na epoksi ya makopo mawili, ile ya kuchanganya na kigumisho chake. Ila kabla ya kulipa, ageuze kopo asome kiasi cha yabisi, yaani sehemu inayobaki sakafuni maji au kiyeyusho kikishakauka. Lita moja ikitandazwa kwenye mita za mraba 10 ina unene wa milimita 0.1. Kama nusu yake ni maji, ikikauka umebaki na 0.05. Makopo mawili ya bei moja yanaweza kukuachia unene tofauti mara mbili, kwa hiyo bei ya lita peke yake haikwambii kitu.

Angalia na jua. Joburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Epoksi ikipigwa na jua inageuka njano na kupauka. Kama mlango wa gereji unashinda wazi, koti la juu liwe la poliyurithani, ambayo inavumilia jua. Na kwenye koti hilo changanya mchanga laini wa kuzuia utelezi, maana oili kidogo juu ya epoksi inayong'aa inatosha kumvunja mtu nyonga.

Kwenye maandalizi ndiko tungeweka hela nyingi, na ndiko mafundi wengi wanakokata kona. Zege jipya lipe siku 28. Zege la zamani, bandika kipande cha nailoni chini kwa gundi ya karatasi pande zote, kiache usiku kucha. Ukikuta unyevu chini yake asubuhi, usipake, tafuta maji yanatoka wapi. Mwagia matone ya maji: yakikaa juu kama kwenye jani la mgomba, bado kuna oili au rangi ya zamani. Kukodi mashine ya kusaga sakafu kwa siku moja ni bora kuliko asidi, lakini vaa barakoa ya maana, vumbi la zege linaharibu mapafu. Ukitumia asidi, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Epoksi nyingi zinataka sakafu isipungue nyuzi 10, kwa hiyo subiri Septemba, baridi imepungua na mvua za radi bado hazijaanza.

Wengine wetu gereji tunayoiwazia si ya hapa, ni ya nyumba tunayojenga Dar au Mombasa kwa hela za kutuma. Kule unyevu wa pwani ni adui mkubwa kuliko baridi, na wewe hupo kumsimamia fundi. Basi usitume hela yote mara moja. Tuma ya kusaga na kusafisha, omba video ya kile kipande cha nailoni kikibanduliwa asubuhi, ndipo utume ya rangi. Kaka au shemeji anayesimamia asione unamshuku. Mweleze mapema kwamba ndiyo utaratibu wa kazi.

Sisi mwishowe tulikwangua yote. Tumepanga, kwa hiyo tumeweka mikeka ya mpira, haina sura ya kupiga picha. Tofauti yake na bei ya epoksi tulituma nyumbani Novemba, mama akapata bati kabla ya masika.