Si Kila Mchezo Kamari

Hivi majuzi nilishinda kutwa nzima katika Pacific Pinball Museum, mjini Alameda, California, nikicheza mashine za kale ambazo gololi ya chuma huviringika juu ya ubao wa mteremko. Mwanzo nilitahayari, tangu chuoni tulifunzwa kuwa kamari ni haramu, na bado ni haramu.

New York nayo ilizipiga marufuku mwaka 1942 kwa hoja hiyo hiyo, na Meya La Guardia akazivunja kwa nyundo. Siku hizo mchezaji alingojea bahati tu. Mwaka 1947 mashine ya Humpty Dumpty ikaleta vikono vya kuirudisha gololi juu. Mwaka 1976 Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani wa New York, akataja itakakopita gololi, nayo ikapita. Marufuku ikaondolewa.

Alameda nililipa kiingilio tu. Sikuweka dau wala sikuvuna pesa. Wazee wetu nao hucheza bao barazani vivyo hivyo. Basi tumwonapo kijana mchezoni, tusikimbilie nyundo. Tuulize kwanza: pana dau? Likiwapo, tumkanye. Lisipokuwapo, tumwache apumue, bora adhana isimpite.