KUNYAMAZA SI KUFA



Majuma machache yaliyopita jirani yangu mmoja alinijia jioni, karatasi mkononi. "Mwalimu," akasema, "nisomee hii, maana kesho napeleka ng'ombe mnadani."

Mwanawe alikuwa amenunua gari lililotumika Japani, la aina ile itumiayo petroli na umeme pamoja, apate kuchukua abiria na ndizi kwenda mjini. Taa nyekundu ya betri ikaanza kuwaka mbele ya dereva. Gari likawa laenda kidogo, kisha lagoma. Fundi mmoja akaliunganisha na mashine yake ya kupimia, akaandika karatasini: U0298. Chini yake akaongeza: "Kigeuza umeme kimekufa. Nunua kingine." Bei yake ilikuwa bei ya ng'ombe wanne, naye mzee alikuwa nao watano.

Nilimwomba angoje siku tatu. Leo nataka kuwaelezeni sababu yake, kwa maana magari ya namna hii yameanza kufika vijijini kwetu.

Kigeuza umeme ni kitu gani? Gari la kawaida lina altaneta, izungushwayo na injini ili kujaza betri. Magari mengi ya petroli na umeme hayana altaneta. Yana betri mbili: kubwa yenye volti nyingi, pengine 200 na zaidi, ya kuendeshea mota, na ndogo ya volti 12, ya taa, honi na kompyuta za gari. Kazi ya kigeuza ni kuchukua umeme mkali wa betri kubwa, kuupunguza hata volti 14 hivi, na kuilisha betri ndogo. Kikikoma, betri ndogo huisha, na gari husimama hata kama tangi limejaa petroli.

Tena kigeuza hakifanyi kazi peke yake. Ndani ya gari mna kompyuta ndogo nyingi: ya injini, ya breki, ya betri kubwa na nyinginezo. Hizi zapeana habari mara nyingi kwa kila sekunde. Mwaka 1983 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutafuta njia ya kuzifanya zizungumze kwa nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, badala ya waya mmoja kwa kila habari. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1986, nayo huitwa CAN. Ni kama baraza la wazee: mmoja husema, wote husikia.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mzee. Namba ianzayo kwa herufi U yahusu mazungumzo hayo. U0298 maana yake ni hii: "Hatuisikii sauti ya kigeuza umeme." Nani aliyesema hivyo? Si kigeuza chenyewe, bali wenzake waliomngoja aitike. Basi, mtu asipoitika barazani, je, amekufa? Pengine amelala na njaa. Pengine daraja limevunjika, hawezi kufika. Namba ile ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Lakini pia tusimzike mtu kwa habari ya mjumbe, kabla hatujaenda kumtazama.

Kumtazama kwenyewe kuna utaratibu wake. Lakini kwanza sikilizeni onyo: nyaya nene za rangi ya machungwa zachukua umeme wa betri kubwa. Umeme huo huua. Asiyefundishwa kazi hiyo asiziguse kamwe, wala watoto wasikaribie boneti likiwa wazi. Vipimo nitakavyovitaja ni vya upande wa volti 12.

Kwanza, fundi aandike namba zote kabla ya kuzifuta. Kama anayekosekana ni mmoja tu, yafaa kumtafuta kwake: chakula chake, plagi yake, nyaya zake. Kama wanaokosekana ni wengi, shaka iangukie nyaya kuu au betri ndogo.

Pili, apime betri ndogo. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12, ina njaa, na njaa hiyo yaweza kunyamazisha kompyuta nyingi. Kisha gari liwashwe, apime tena. Mita ikionyesha 14 hivi, kigeuza kinafanya kazi yake. Kilichopotea ni sauti tu.

Tatu, atazame fyuzi na ethi, yaani waya urudishao umeme kwenye bodi ya gari. Hapa wengi hudanganyika. Nati yenye kutu yaweza kuonekana njema umeme usipopita. Basi apime wakati gari limewashwa: ncha moja ya mita kwenye ethi ya kigeuza, ya pili kwenye hasi ya betri ndogo. Tofauti isizidi sana volti 0.1. Ikifika nusu volti, pana ugonjwa.

Nne, afungue plagi ndogo ya kigeuza. Atafute pini zilizorudi nyuma, maji, ukungu wa kijani, na alama za meno ya panya.

Tano, zile nyaya mbili za mazungumzo. Katika kila mwisho wake kuna kizuizi cha omu 120. Betri ndogo ikiwa imefunguliwa, vizuizi viwili vikipimwa pamoja hutoa 60 hivi. Mita ikisema 120, mahali fulani njia imekatika. Ikisema karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Haya yote yakiwa sawa, na kigeuza bado kimya, hapo ndipo yafaa kusema kimekufa. Hata hivyo kigeuza kipya si kufunga tu na kwenda: katika magari mengi hakina budi kutambulishwa kwa kompyuta za gari hilo.

Basi yule mzee je? Siku ya tatu tulikwenda kwa fundi mwingine wa umeme. Namba ilikuwa moja tu. Betri ilikuwa njema, kwa kuwa kijana aliichaji usiku, lakini gari lilipowashwa volti 14 hazikuonekana. Fyuzi zilikuwa nzima. Alipofika kwenye ethi, mita ikapanda kupita volti 2. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu chini ya rangi. Akaifungua, akasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, akatia bolti mpya, akapaka grisi. Taa nyekundu ikazimika. Mzee akanitazama, asiseme neno muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, nilikuwa nimekwisha kuzifunga kamba."

Nanyi mkiambiwa kitu kimekufa, mwulizeni fundi maswali matatu: Umepima umeme uingiao? Umepima ethi gari likiwa limewashwa? Umepima nyaya za mazungumzo? Fundi mwema hatakasirika, maana kuuliza si ujinga. Akikasirika, mrudisheni ng'ombe zizini, mtafute fundi mwingine.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.