Kubonyeza "Nakubali" Si Kuamini

Leo naweka kando lugha za programu (hifadhidata itarudi, subirini) niseme jambo linalonikera. Kuna wenzangu wanaodhani kwamba watu wa mashambani wakiwa na shaka na utafiti wa afya, dawa yake ni programu mpya ya simu.

Juzi nilionyeshwa moja. Karani wa utafiti anafika nyumbani na tableti, mama anasikiliza maelezo yaliyorekodiwa, anaweka kidole gumba kwenye kioo, basi. Saa imeandikwa, mahali pameandikwa. Kazi safi kabisa. Lakini kilichothibitishwa hapo ni kwamba kidole kiligusa kioo! Sisi waandishi wa programu tunajua kuliko wote jinsi neno "Nakubali" lisivyo na uzito. Wewe msomaji, ni lini ulisoma masharti ya programu yoyote hadi mwisho? Nikauliza kitufe cha kujitoa kwenye utafiti kiko wapi. Hakikuwepo. Kimepangwa kwa toleo lijalo.

Chukua mfano wa Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kipo pale tangu 1989. Watoto wa huko walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009: vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, watoto 15,459. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Faida yake haina ubishi. Hata hivyo, kwa miaka mingi ilisemwa vijijini kwamba watafiti wananyonya damu, wengine wakaongeza kwamba ni waabudu shetani.

Usicheke. Hadithi za mumiani zilikuwa pwani yetu zamani kabla ya kituo hicho, na ndani yake mna swali halali. Hospitalini damu ikichukuliwa unapewa jibu na dawa. Kwenye utafiti, kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kinatolewa kwa mtoto asiyeumwa, kinaingia kwenye gari, na pengine husikii habari zake tena. Imekwenda wapi? Nani anafaidi? Anayeuliza hivyo si mjinga.

Tena hofu ina historia. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan katika utafiti wa watoto wapatao 200. Nusu walipewa Trovan, nusu dawa nyingine. Watoto 11 walifariki katika makundi yote mawili, na familia zikasema hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 ikamalizana na jimbo la Kano nje ya mahakama. Katikati ya hayo, mwaka 2003, Kano ilikuwa imesimamisha chanjo ya polio. Hicho hakirekebishwi kwa tableti.

Kilifi walifanya mambo ya kawaida sana. Wenyeji huchagua wawakilishi wao wa kukutana na watafiti, na watu hualikwa kuingia maabara wajionee. Na kwenye RTS,S, watoto wa miezi 5 hadi 17 walioangukia kundi la kulinganishwa walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, siyo maji matupu. Hilo unaweza kulieleza kwenye baraza la chifu bila kuona haya: mtoto wako hakutoka mikono mitupu.

Sisi wa tarakilishi tuna kazi yetu pia, ila si ile ya kukusanya vidole gumba. Ukituma mzigo kwa basi kutoka Mombasa unapewa risiti yenye namba, na unaweza kupiga simu kuuliza umefika wapi. Chupa ya damu nayo ina namba, na mfumo mzuri wa maabara unajua imekaa friji gani, imepimwa nini, imesafirishwa lini. Habari zimo ndani ya jedwali tayari! Nani aliamua kwamba mwenye damu asizione? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake, na sheria haisemi ni ya watu wa Nairobi peke yao.

Mtaniambia: je, siri? Kweli, simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na arafa ya matokeo inaweza kuvunja ndoa. Basi isiwe arafa. Mpe mama kadi yenye namba, aende nayo zahanati, karani aifungue mbele yake na kumsomea faraghani, kwa Kigiriama kama ndicho anachoelewa vizuri. Na kitufe cha kujitoa kiwe hapo hapo.

Kama kuna anayejenga mfumo wa namna hiyo, aniandikie barua pepe. Sehemu ya risiti nitamwandikia bure.