Camaro ya 1969 Inataka Injini Mpya: Usikimbilie LS

Leo naweka programu kando kidogo tuongee magari, ingawa mtaona sijaenda mbali sana na kazi yangu.

Kuna ubishi usioisha kati ya wapenzi wa magari ya zamani ya Marekani, yale ya V8 yanayonguruma hadi vioo vya dirisha vitikisike. Tuchukue Chevrolet Camaro ya 1969. Injini imechoka, inakula oili, na mwenyewe anataka kuweka nyingine. Aweke gani? Jibu la haraka siku hizi ni moja: weka LS. Hii ni jamii ya injini za V8 ambazo General Motors ilianza kuzitoa kwenye Corvette ya 1997. Mojawapo, LS3 ya lita 6.2, ilitoa nguvu za farasi 430 katika Corvette ya 2008.

Mimi nasema: polepole, ndugu yangu.

LS ni injini nzuri, sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba watu wananunua namba, na namba zenyewe zina ujanja. Zamani kampuni za Marekani zilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa nje ya gari, bila feni, kichujio cha hewa wala ekzosi ya gari lenyewe. Kwa magari ya 1972 zikahamia kipimo cha injini ikiwa na vifaa vyake. GM ilitoa namba zote mbili mwaka 1971: injini ya LT-1 ya lita 5.7 ilikuwa farasi 330 kwa kipimo cha zamani, na 275 kwa kipya. Injini ni ile ile! Kwa hiyo ukishika brosha ya 1969 na kuilinganisha na namba za leo, unapima unga kwa vibaba viwili tofauti.

Sasa tuje kwenye gharama. Kabureta ya zamani huridhika na petroli inayosukumwa kwa pauni 5 hadi 7 kwa inchi mraba. LS inataka karibu 58. Hapo pampu lazima ibadilishwe, na mabomba ya petroli yakaguliwe yote. Injini inakuja na tarakilishi yake na nyaya zake. Vishikio vya injini havilingani na vya zamani. Sampu iliyotoka nayo kiwandani mara nyingi hugonga fremu ya mbele. Ekzosi nayo inakungoja. Wenzangu waandika programu wanaijua hali hii vizuri: unabadilisha hifadhidata moja tu, na kabla ya jioni nusu ya mfumo imegoma.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliweki kwenye hesabu: breki. Camaro ya kawaida ya 1969 ilitoka kiwandani na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Diski za mbele zililipiwa zaidi. Ukimaliza pesa zote kwenye farasi 430, umejitengenezea gari linalojua kukimbia na halijui kusimama. Ndani yake atakaa mkeo na watoto wako.

Kwa mwenye bajeti ya kawaida, mimi ningechagua V8 ndogo ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, yaani hiyo lita 5.7. Jamii yake ilianza 1955, na yenyewe iliingia sokoni na Camaro ya 1967. Inaingia ilipotoka ndugu yake bila vita, na spea zake zimejaa kote Marekani. Pesa zitakazobaki zipeleke kwenye diski za mbele na rejeta nzuri. Ila uwe macho: mwaka 1986 sili ya nyuma ya krankshafti ilibadilishwa, kwa hiyo flaiwili ya zamani haifungi moja kwa moja kwenye injini zilizofuata. Uliza kabla ya kulipa.

Na injini iliyotolewa? GM ilizipiga chapa ya namba inayoziunganisha na gari lake. Namba zikilingana, usiiuze kama chuma chakavu! Ikarabati, au ipake oili, ifunge vizuri na uihifadhi. Thamani ya gari iko humo.

LS ina mahali pake. Kama unaendesha kila siku, safari ndefu, na umeshatenga pesa za breki, petroli na nyaya, iweke. Itawaka vizuri asubuhi ya baridi na haitakusumbua na kabureta.

Lakini kabla hujachagua, chukua karatasi uandike kila kitu kinachogusana na injini, na bei yake kando. Jumla ya chini ndiyo bei ya injini. Mwaonaje?